Kwa Nyokabi

Siku tulipomzika Wairimu, kijana aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake alifika mahali pa watoto akapita haraka haraka. Alisoma kwamba marehemu hakujaliwa mtoto, kisha akaendelea na shule alizosoma, kazi alizofanya na kwaya aliyoimbia. Nilikuwa nimeketi chini ya hema, shambani kwao mashariki ya Thika, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa unazama udongoni kila nikijisogeza, na macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Hakuinua kichwa. Alikuwa na ile karatasi ya ratiba yenye picha ya binti yake mapajani, anaikunja, anaikunjua, anailainisha kwa kiganja. Nilijua kwamba anajua sentensi ile si kweli. Yeye naye alijua kwamba mimi najua, maana mwaka ule wa Ruiru niliishi na binti yake chumba kimoja. Katika umati ule wote tulikuwa wawili tu wenye habari ya mtoto, na tuliketi hivyo hivyo, kila mtu na kiti chake, mpaka kaburi likajaa na watu wakaenda kunawa mikono wapate kula.

Sitaeleza nilikozaliwa wala nani alinilipia karo. Hayo hayatasaidia kitu hapa. Mwaka wenyewe ulianzia kwenye chumba. Wairimu na mimi tulikuwa tumemaliza chuo kikuu kule Juja, tumevaa majoho, tumepigwa picha, tumerudisha majoho, na kazi hakuna. Tukaona ni afadhali tukose kazi pamoja kuliko kila mtu aende akakose kwao. Tukapanga bedsita huko Ruiru, upande wa Mwiki, ghorofa ya juu kabisa ya ploti ambayo ngazi zake zilikuwa bado hazijawekewa vyuma vya kushikilia. Tulikuwa na vitanda viwili vyembamba, meza moja iliyokuwa ya kulia, ya kupigia pasi na ya kompyuta, na sinki lililokohoa kabla ya kutoa maji, siku ambazo maji yalikuja. Ukuta uliotutenga na jirani, fundi wa viatu, ulikuwa mwembamba hata tukajua redio yake ya Kikuyu inasema nini kuliko yeye mwenyewe. Kila Jumapili yeye na mkewe waligombana kuhusu kanisa gani linafaa, na sisi upande huu, sahani za githeri mikononi, tulichagua upande; mimi nikimtetea mke, Wairimu akimtetea fundi. Githeri yenyewe, mahindi na maharage, tuliipika mara moja ya kutosha siku kadhaa. Siku ya kwanza ililiwa na avokado, ya pili ilikaangwa na nyanya, ya tatu ikaongezwa viazi, na iliyobaki tuliila bila kuzungumza. Leo nina jiko la maana na friji inayonguruma, na bado sijawahi kula chakula kilichonikaa mwilini kama kile cha siku ya pili.

Mali yetu halisi ilikuwa dirisha. Lilitazama shamba la kahawa lililoachwa, miche imekuwa miti, na katikati yake vijia vya miguu ambavyo watu walipitia kwenda kazini, kanisani na kwa wapenzi wao. Ukifungua ramani kwenye simu, hakuna hata kimoja cha hivyo kilichoonekana. Barabara kuu ilikuwa imechorwa vizuri na lami yake mpya, lakini ukiiacha tu, palikuwa peupe, kana kwamba watu wote wale na redio zao na magodoro yao wanaishi hewani. Jambo hilo lilimuudhi Wairimu kuliko kukosa kazi. Chuoni tulikuwa tumezoea programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi. Yeyote popote duniani anaweza kuusoma, kuurekebisha, na kuwarudishia wenzake rekebisho lake bila kuulizwa kitambulisho. Kulikuwa na ramani ya namna hiyo, na programu ya simu ya kuisomea bila intaneti. Mimi nikachukua programu, yeye akachukua ramani.

Programu ilikuwa inakwama kwenye simu za bei nafuu kama zetu. Nilikaa nayo mpaka nikagundua kwamba inapakia majina ya nchi nzima kwa mpigo, nikaandika rekebisho, nikalituma, wakalikubali. Kisha nikatafsiri kwa Kiswahili maneno ambayo simu humwambia kwa sauti mtu anayetafuta njia: pinda kulia, endelea mbele, geuka ukipata nafasi, umefika. Wairimu alitembea. Alitoka asubuhi na simu ikirekodi kila alipokanyaga, akarudi mchana viatu vikiwa vyekundu kwa udongo, akazimimina nyayo zile kwenye kompyuta na kuzichora zikawa vijia, vioski, mabomba ya maji, makanisa ya mabati. Tulitumia akaunti moja kwa sababu kompyuta ilikuwa moja na bando lilikuwa moja, na tukaiita Mpita Njia. Watu wa mbali waliandika kumshukuru Mpita Njia, wala hawakujua kama ni mtu mmoja au wawili, mwanamume au mwanamke. Tulilifurahia hilo kuliko ninavyoweza kueleza sasa. Mwaka ambao hakuna mwajiri aliyejibu barua zetu, kulikuwa na mtu asiyekuwepo ambaye kazi yake ilithaminiwa, na mtu huyo tulikuwa sisi.

Lakini kujificha hakukuwa mchezo tu. Pande zile mtu akionekana anapima kitu, watu hawaulizi anapima nini. Wanauliza anampimia nani. Ploti moja ingeweza kuwa na wenyewe kadhaa, kila mmoja na karatasi zake, na mgeni anayezungukazunguka akitazama simu alikuwa habari mbaya kwa wote. Siku moja Wairimu alizungukwa na wanaume kando ya kahawa, mmoja wao na panga la kukatia majani ya nepia, wakataka kujua ni tajiri gani amemtuma. Akawaambia kwamba anachora ramani ya bure, ya kila mtu. Hapo ndipo alipoharibu, maana hakuna mtu wa Ruiru aliyewahi kusikia neno ardhi na neno bure katika sentensi moja akabaki na amani. Kilichomwokoa ni tumbo. Mzee wa panga alimtazama vizuri, akawaambia wenzake: "Wachaneni na yeye. Huyu ako na mzigo yake." Wairimu alirudi akanisimulia huku akicheka, na ndivyo nilivyojua kwamba ana mimba. Nililala hatua chache kutoka kitanda chake kila siku, na nilikuwa sijaona alichokiona mzee wa nepia kwa mtazamo mmoja.

Baba ya mtoto alikuwa amebadilisha namba ya simu, na kuhusu yeye hilo linatosha. Wairimu aliendelea kutembea, polepole zaidi, na akawa na mahali pake pa kupumzikia. Mwisho wa shamba palikuwa na kona ambapo vijia vitatu vilikutana, na hapo palikuwa na tangi la saruji la kuoshea kahawa, limepasuka, kavu, nyasi zimeota ndani. Hapakuwa na nyumba wala kibanda, hata mtu wa mahindi ya kuchoma hakuwepo. Aliketi ukingoni mwa tangi, akavua viatu, na hapo ndipo siku moja mtoto alipogeuka tumboni kwa mara ya kwanza. Alinipigia simu akiwa hawezi kuzungumza vizuri, mimi nikadhani amevamiwa, nikashuka zile ngazi mbio na mwiko mkononi. Nilimkuta ametulia, kiganja juu ya tumbo. "Njeri, weka mkono hapa," akasema. Niliweka. Sikusikia kitu, nikamwambia nimesikia, na sote tukacheka kuhusu mwiko.

Kwetu jina la mtoto halichaguliwi kwa kuwa ni zuri. Binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na kama baba hayupo, huitwa la mama ya mama yake, na tangu hapo anahesabiwa kuwa ni yule bibi mwenyewe amekuja tena. Mama yake Wairimu anaitwa Nyokabi. Kwa hiyo mtoto akiwa msichana, jina lilikuwa linajulikana. Kilichobaki ni mwenye jina kulikubali, na Wairimu hakutaka kulichukua kwa kuiba. Alipiga simu Jumamosi mchana. Simu yake ilikuwa imeharibika upande wa sikio, hivyo mazungumzo yake yote yalisikika chumba kizima, na chumba kilikuwa hicho kimoja. Nilikuwa nakata mboga ya sukuma. Walizungumza Kikuyu. Wairimu alieleza yote kwa utaratibu, habari ya mimba, ya mwanamume, ya jina, na mama yake akamwacha amalize. Kisha akasema, bila kupaza sauti hata kidogo, kwamba jina lake si kitu cha kuokotwa barabarani. Simu ikakatika. Upande wa pili wa ukuta redio ilikuwa imezimwa. Nadhani fundi na mkewe nao walikuwa wanasikiliza. Wairimu alichukua kisu kingine akaanza kukata sukuma pamoja nami, nyembamba mno, za kuharibikia sufuriani. "Atakubali," akaniambia. "Akimwona tu, atakubali." Hilo ndilo alilolitaka mwaka ule, kuliko kazi na kuliko mwanamume yeyote: mama yake amwite mtoto kwa jina lake.

Mtoto alikuja kabla ya wakati, baridi ya Julai ikiwa kali. Alikuwa msichana. Aliishi siku chache ndani ya sanduku la kioo lenye joto, na mimi niliruhusiwa kumwona mara moja tu. Alikuwa amekunja uso, mtu mzima kabisa mwenye kisirani, na nikamwambia Wairimu kwamba huyo ni mama yake mtupu. Alicheka, nakumbuka vizuri kwamba alicheka. Kwenye utepe wa mguuni walikuwa wameandika mtoto wa Wairimu, basi. Alipofariki, nesi aliuliza kwa upole kama familia itamchukua au hospitali imzike. Wairimu akapiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikanyamaza, akapiga tena, ikaita mpaka ikanyamaza. Hospitali ikamzika pamoja na wengine wa umri wake mahali ambapo hatukuonyeshwa. Tulirudi Mwiki na mfuko wa nguo ndogo zisizovaliwa. Alizifua zote ingawa zilikuwa safi, akazianika darini, na zilipokauka akampa mke wa fundi wa viatu, ambaye alizipokea kwa mikono miwili. Wiki ile hawakugombana.

Kwa muda mrefu hakutembea. Alilala amegeukia ukuta, nami nilimwekea chai, ikapoa, nikaimwaga, nikaweka nyingine. Kisha siku moja nilirudi na mitungi ya maji nikamkuta kwenye kompyuta, amevaa, amechana nywele. Nilifurahi sana, nikamkaangia mayai. Alipomaliza kula akaniachia meza, nami nikafungua ramani, na pale kwenye tangi, pasipokuwa na jina, nikasoma: Kwa Nyokabi.

Ruiru imejaa majina ya namna hiyo. Kwa huyu, Kwa yule; mtu alikuwa na duka, au kinu cha posho, au alijenga kabla ya wengine, akafa au akahama, jina likabaki palepale. Lakini ramani yetu ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: usiandike jina ulilolibuni, andika lile ambalo watu wa mahali wanalitumia. Nami ni mtu wa sheria. Nikamwambia lazima litoke, kwa sababu pale hapajawahi kuwa na mtu anayeitwa Nyokabi. Hakukasirika. "Kwani hizo Kwa nani zote zinamaanisha nini?" akaniuliza. "Si ni ule mtu alikuwa hapo wa kwanza? Haya, niambie ni nani alikuwa hapo kabla yake." Nikafunga kompyuta, jina likiwa palepale.

Aliyekuja kuuliza tena ni mtu wa nchi fulani ya baridi aliyekuwa anakagua kazi za wageni kwenye ramani. Sisi tulimwita Bwana Chanzo, maana kwa kila kitu alikuwa na swali lake moja: chanzo cha habari hii ni nini? Alikuwa na adabu kabisa, na adabu yake ilinichosha. Akamwandikia Mpita Njia kuuliza kama jina hilo kweli linatumiwa na wakazi. Wairimu alikataa kujibu. Ujumbe ulikaa pale na alama yake nyekundu, kila tukifungua kompyuta unatutazama, mpaka nikaona haya kuwa na sheria nyingi kuliko huruma. Nikajibu kwamba ndiyo, wakazi wanalitumia. Na ilikuwa kweli, kwa sababu wakazi tulikuwa sisi wawili, na tulikuwa tumeanza kulitumia. Umepitia wapi? Nimepitia Kwa Nyokabi. Kule matope? Kwa Nyokabi pamekauka. Tulilisema mezani kwa sauti ya kawaida, tukipeana chumvi. Bwana Chanzo alishukuru, jina likabaki.

Kabla ya Krismasi Wairimu alipata kazi Thika, katika stoo ya kiwanda, akahama. Hakugusa tena ramani. Nami baadaye nilipata kazi Thika, tukawa tunaonana kwa chai na mandazi, mara kwa mara mwanzoni na mara chache baadaye, na hatukuitaja ile kona hata siku moja. Alirudiana na mama yake kwa namna ya watu wanaoweza kuishi boma moja, wakalima pamoja, wakaenda kanisani pamoja, mradi jambo moja lisiguswe. Hakuzaa tena. Figo zilipoanza kumsumbua, ni mama yake aliyempeleka hospitali na kumrudisha, kila wiki, mpaka mwisho.

Jina nalo likaenda zake. Ramani huria haina mwenyewe. Yeyote anayetengeneza programu anaweza kuichukua, na waliichukua. Wa kusambaza vyakula wakaichukua, wa teksi wakaichukua, wauza ploti wakaichukua. Kahawa ikang'olewa, mawe yakamwagwa, nyumba zikasimama. Siku moja nikaona ubao wa vyumba vya kupanga, Kwa Nyokabi. Mwaka mwingine kanisa. Kisha nikamsikia makanga wa matatu akiliita, steji kama steji nyingine yoyote, nami nikabaki nimesimama kando ya barabara na mfuko wa viazi mpaka akaniuliza, "Madam, unaenda ama huendi?" Hayo yote ningeyazoea. Yaliyonishinda ni ya mwendesha boda mmoja niliyemuuliza, kwa uchokozi tu, huyo Nyokabi alikuwa nani. Hakusita hata kidogo. Akasema alikuwa mama wa uji, aliuza hapo kwa tangi wakati kulikuwa kahawa tupu. Mfupi, mweusi, na kofia ya sufu hata jua likiwaka. "Mimi nimekunywa uji yake nikienda shule," akaniambia. Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Anamkumbuka.

Siamini mizimu. Natunza kompyuta za kiwanda, na kwangu kitu kikiharibika kina sababu yake, nami huitafuta mpaka niipate. Lakini tangu siku hiyo nikiikumbuka ile kona, tangi na nyasi zake, Wairimu ameketi na kiganja tumboni, pembeni kuna mwanamke wa kofia ya sufu anakoroga sufuria, amenipa mgongo. Najua hakuwepo. Namwona hata hivyo, na kila mwaka kofia yake inazidi kuwa wazi. Baada ya mazishi nilifungua akaunti ya Mpita Njia, ambayo sikuwa nimeifungua kwa miaka mingi. Nyayo za Wairimu bado zipo, kwa sababu ramani huhifadhi rekodi za waliotembea: nukta ndogo ndogo za buluu, kila moja ni mahali alipokuwa kwa sekunde chache za maisha yake. Anakata kahawa ambayo haipo. Anaingia ukuta huu anatokea ule, anapita sebuleni kwa watu, jikoni, kwenye maegesho ya magari, mpaka anafika kwenye kona, na hapo nukta zimerundikana moja juu ya nyingine kwa sababu aliketi. Wenye nyumba zile hawajui kwamba kuna mtu anapita ndani. Nilimfuata kwa kidole juu ya kioo mpaka chai yangu ikapoa, nikalia kwa sauti, jambo ambalo kaburini lilikuwa limenishinda.

Mama yake alinijia muda si mrefu baada ya hapo. Alisimama langoni pa kiwanda chetu na kitambaa cheusi kichwani, mkoba mbele ya tumbo, akaniambia kwa Kikuyu kwamba anataka kuona nyumba aliyokaa Wairimu mwaka ule. Hakusema kwa nini, na kwa mtu wa umri wake huulizi. Jumamosi nikampakia kwenye kagari kangu. Njia nzima tulizungumza habari ya mvua na bei ya mbolea. Ruiru imejengwa hivi kwamba hata mimi hupotea, kwa hiyo nilipoacha barabara kuu niliwasha ile programu kwenye simu. Naitumia hadi leo, na hadi leo inasema maneno niliyoandika nikiwa kwenye ile meza ya kupigia pasi. Ikatupeleka kushoto, ikatupeleka kulia. Kusema kweli nilikuwa nimesahau kwamba ploti yetu ya zamani ramani sasa inaihesabu kuwa ni ya Kwa Nyokabi, mpaka simu ikasema kwa sauti yake ya upole, "Umefika Kwa Nyokabi."

"Kwa nani?" mama akauliza.

Nikaegesha gari kando. Nikamwambia kwamba mahali hapo panaitwa Kwa Nyokabi, na aliyepaita hivyo ni Wairimu, kwa sababu hapo ndipo mtoto, yule msichana aliyeishi siku chache, alipogeuka tumboni mara ya kwanza. Sikuongeza kitu. Ya simu ile alikuwa anayajua kuliko mimi. Alishika mkanda wa gari kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa tayari kabisa kwamba ataniambia nigeuze turudi Thika. Badala yake akaniuliza mlango unafunguliwa vipi.

Tangi halikuwa limeondolewa lote. Kipande cha ukuta wake kilikuwa kimebaki, na juu yake mama mmoja wa kutoka magharibi ya Kenya alikuwa ameegemeza kibanda cha chai na chapati. Tuliketi kwenye benchi. Mama alipokea kikombe, hakunywa, na kwa Kiswahili chake cha kubahatisha akamuuliza mwenye kibanda kwa nini hapa wanaita hiyo jina. Yule mama alikuwa anasukuma chapati na hakuacha kusukuma. Akaeleza kwamba yeye alikuja juzi tu, lakini wenyeji walimwambia kulikuwa na mzee wa uji, mwenye kofia. Safari hii alikuwa na mguu mbovu pia, na watoto wa shule aliwapa uji bure. "Alikuwa anapenda watoto sana, shosho," akasema. "Nasikia hakuwa na wake."

Mama akaweka kikombe chini.

"Hapana," akasema. "Hakuwa mzee. Alikuwa katoto. Kalikaa siku kidogo tu, kakaenda. Alikuwa wa msichana yangu, na hiyo jina ni mimi nilimpatia."

Mwenye kibanda aliacha kusukuma. Alisema pole, shosho, kisha akazima moto chini ya chapati iliyokuwa inaungua. Mbele yetu boda ilisimama, abiria akashuka na simu sikioni, akamwambia mtu wa upande wa pili kwamba ameshafika, yuko hapa Kwa Nyokabi, waje wamchukue. Mama aligeuza kichwa upesi, kama mtu aliyeitwa, kisha akatulia. Nikamaliza chai yangu. Mwisho nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ploti yetu iko pale juu, ile yenye mabati ya kijani, na kama yuko tayari twende tukaione.

"Hiyo nyumba haiendi mahali," akasema. "Wacha tukae na yeye kidogo."